Barua ya Chumba cha Wazazi

Niliolewa katika kijiji kilichoko kaskazini ya Tabora, mwendo wa siku nzima kwa miguu, ukifuata njia iliyopitwa zamani na misafara. Babu zake mume wangu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga. Nilipofika mimi, njia hiyo ilikuwa imebaki kwa wenye miguu na wenye baiskeli, maana malori yalipita barabara kubwa ya Nzega, mbali na sisi. Kati yetu na Tabora kulikuwa na mbuga. Kiangazi udongo wake mweusi ulipasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Wakati wa mvua iligeuka kuwa ziwa lenye nyasi, na mtu aliyetaka kufika mjini alivuka maji yakiwa kiunoni.

Mume wangu alifanya kazi katika gangi la reli huko Kaliua, na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo miaka yangu ya kwanza ya ndoa niliishi na mama yake. Nilimwita mayu, kama Wanyamwezi wanavyomwita mama, naye aliniita mwanangu tangu siku niliyofika. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Hakukosa ibada ya Jumapili katika kanisa letu la Moravian, na mizizi na majani aliyajua pia, kiasi kwamba uchungu wa mwanamke yeyote ulipoanza, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, wifi yangu, aliyeolewa nyumba ya nne kutoka kwetu.

Wifi yangu alikufa katika mvua za mwaka wa pili wa ndoa yangu. Uchungu ulimshika Jumapili baada ya ibada. Mayu alikaa naye siku hiyo, na Jumatatu yote, akimkanda mgongo na kumnywesha dawa. Jumanne asubuhi alitoka nje, akasema kwa sauti ndogo, "Waite wanaume." Walimlaza kwenye machela ya miti miwili na turubai, watu wanne wakaibeba kwa zamu, nami nilitembea ubavuni nimeshika upande wa kanga iliyomfunika. Walipoingia mbugani waliinua machela mabegani ili maji yasimguse. Mimi sikuweza tena kumwona uso, nilikuwa nimeshika kanga tu. Katikati ya maji yule aliyekuwa mbele kushoto alisimama akasema, "Amekuwa mzito." Tulivuka mpaka ng'ambo, kwa kuwa huwezi kumtua mtu majini, na hapo kwenye nchi kavu tukamkuta ameshaondoka, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Kwetu nyumbani habari hiyo haikuzungumzwa. Mayu aliendelea kuamka alfajiri, kusaga, kwenda shamba la karanga. Ila hakuitwa tena kwa uchungu wa mtu, au labda aliitwa akakataa. Sikuuliza.

Mwaka uliofuata, mkuu wa kijiji, ambaye kwetu huitwa mwanangwa, alikuja uani kwetu na karatasi mkononi. Alikuwa ametoka kwenye baraza la mtemi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mke wa mwanetu. Ulisoma mpaka darasa la ngapi kule kwa wamisionari?"

"La sita, baba."

"Basi keti. Serikali imetuuliza tunataka nini, na sina mtu wa kujibu."

Alinieleza kwamba Serikali ya Mwingereza ilikuwa na fedha za kusaidia vijiji vilivyotaka kujenga kitu cha manufaa kwa wote. Kijiji kingetoa nguvu zake, matofali na mbao. Serikali ingetoa vile visivyopatikana porini, yaani saruji, mabati, dawa, na mtu wa kuzigawa. Lakini lazima iandikwe barua ya maombi, na vijiji vilivyoomba ni vingi. Daraja la mbugani waliambiwa wasiliguse kabisa, hiyo ni kazi kubwa mno. Baadhi ya wanaume walitaka josho la ng'ombe.

"Nimewasikiliza," alisema mwanangwa. "Lakini mimi nimezika mkwe na wajukuu wawili. Andika zahanati, yenye chumba cha wazazi."

Niliandika kama nilivyofundishwa shuleni. Nilianza na salamu ndefu, nikafuatisha unyenyekevu, nikasema sisi ni watoto wa Serikali, tuna shida nyingi, tunaomba huruma. Nilijivunia mwandiko wangu. Baada ya miezi miwili barua ilirudi ikiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: elezeni shida yenyewe, na elezeni mtachangia nini.

Mwanangwa hakuelewa kosa lilikuwa wapi, wala mimi. Tukaamua kwenda Tabora kuuliza. Tulilala mtaa wa Ng'ambo kwa ndugu yake mshonaji, na asubuhi tukapanda mpaka Boma, ofisi ya Bwana Shauri, Mzungu aliyesimamia wilaya. Karani aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nilitegemea atatufukuza. Badala yake alinyanyua bunda la karatasi kutoka kwenye sanduku la mbao, akaliweka mbele yangu.

"Haya yote ni maombi, mama. Bwana Shauri huyasoma mwenyewe, moja moja. Akifika la kumi amechoka. Kila mmoja anasema tuna shida, tuhurumie. Wewe umemwambia nini ambacho wenzako hawakumwambia?"

Nilitazama lile bunda.

"Wanawake wanakufa kwenu?"

"Wanakufa."

"Wanafia wapi? Kwa sababu gani? Walikuwa njiani au nyumbani? Mwaka gani, mvua au kiangazi? Andika hivyo. Usimlilie, mwonyeshe. Na waume zao watafyatua matofali mangapi, nani atakata mbao, nani atawapikia mafundi, yote andika. Mkifanya hivyo nitaiweka barua yenu juu."

Nilimshukuru. Nilikuwa kijana, na niliona kwamba nimepewa ufunguo. Sikufikiri mlango upi ungefunguka.

Kuanzia wiki ile nilipita nyumba kwa nyumba na daftari. Wenye nyumba walinipa kigoda, nikaeleza nilichotaka. Wengine hawakuwahi kuulizwa. Bibi mmoja alinihesabia binti zake kwa vidole, akifika cha tatu anakikunja, anaendelea na cha nne. Mzee mmoja alikuwa akichonga mzinga wa nyuki nilipofika. Hakuacha kazi. Alinieleza kifo cha mkewe wa kwanza huku tezo likienda mbele na nyuma ndani ya gogo, na alipomaliza aliniambia, "Miaka yote hii mke niliye naye sasa hajasikia haya." Mkewe alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu na ungo mkononi.

Nilijifunza kuuliza taratibu. Nilijifunza kutoandika wakati mtu anasema, bali kungoja mpaka nivuke uzio wao ndipo nikae chini ya kichaka nikaandike. Daftari liliendelea kujaa.

Nyumbani kwetu mayu aliniona nikitoka na kuingia. Siku moja tulikuwa tunabangua karanga, akaniambia bila kuniangalia:

"Mwanangu, yule wangu usimwandike."

"Mayu, barua hii ni ya kusaidia wengine wasife."

"Nimesikia ni ya nini. Andika wa watu waliokubali. Wangu amelala, mwache. Utawapelekea Wazungu mtoto wangu wampime kwenye mizani kama pamba ya Nzega?"

"Sitamwandika, mayu."

"Haya."

Nilikusudia kulitimiza neno hilo. Lakini alasiri moja nilikaa kwenye dawati la darasa la kanisa, watoto wakiwa wameshakwenda, nikaanza kupanga yaliyomo katika daftari. Wengi wa wanawake wale walifia nyumbani, miaka mingi nyuma, na aliyesoma angeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya zamani, au kwamba hata zahanati isingewaokoa. Aliyeonyesha shida yetu bila ubishi alikuwa mmoja. Machela, mbuga, maji, na watu wanne waliombeba kwa mabega mpaka akawa mzito. Nilikumbuka neno la karani. Nikasema moyoni kwamba sitataja jina, wala nyumba. Mayu hasomi. Bwana Shauri hamjui.

Nikaandika: mwanamke mmoja, umri wake kama miaka ishirini na mitano, alichukuliwa kwa machela wakati wa mvua kupelekwa hospitali ya Tabora baada ya uchungu kuwa mgumu, akafia katikati ya mbuga, maji yakiwa yamewafika wachukuzi kiunoni. Habari za Jumapili na Jumatatu sikuziandika. Nilijiambia naziacha kwa heshima ya mayu. Ukweli ni kwamba zingeiharibu barua.

Mwanangwa aliweka alama ya kidole gumba, wazee wakaweka zao, na barua ikaenda.

Ilijibiwa upesi kuliko ile ya kwanza. Bwana Shauri angekuja mwenyewe kuona mahali na kusikia watu. Alikuja kiangazi, kwa gari lililozunguka kwa barabara ya Nzega na kukata porini, akiwa na yule karani wa miwani na askari mmoja. Watu wote walikusanyika mbele ya darasa la kanisa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mayu alikaa mbele, kwenye mkeka, pamoja na wanawake wazee.

Nilidhani atauliza habari za matofali. Aliuliza. Kisha akatoa barua yangu kwenye jalada, akasema anataka watu wote wasikie yaliyoombwa kwa jina lao, maana mara nyingine barua huandikwa na mtu mmoja na wenzake hawajui. Akaanza kusoma. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hakikuhitaji mkalimani. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani, na kila kifo kilipotajwa, upande mmoja au mwingine mtu aliinamisha kichwa. Nilitamani aruke ukurasa. Hakuruka. Alipofika kwenye machela na mbuga, sikumtazama mayu. Nilitazama miguu yangu.

Alipomaliza alikunja karatasi. "Huyu wa mwisho," akasema, "si wa zamani. Yupo mtu hapa anayeweza kunithibitishia?"

Wale wachukuzi wanne walikuwepo. Mume wa wifi yangu alikuwepo. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mwenye msiba alikuwa amekaa mbele yao, na haikuwa juu yao kusema kabla yake. Bwana Shauri alingoja. Nilimwona karani ananitazama, kama anayesema, mama, umemwandikia uongo?

Mayu akasimama. Alijifunga kanga vizuri kwanza.

"Ni kweli," akasema. "Ni mwanangu."

"Pole, mama," akasema Bwana Shauri.

"Lakini barua haikusema yote. Uchungu ulianza Jumapili. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Wanawake wengi wa hapa wamezaa mikononi mwangu, nikajua na yeye nitamzalisha. Jumatatu niliona haiendi vizuri. Nikaogopa mbuga. Nikasema tungoje, maji yapungue. Jumanne nikawaita wanaume, na ilikuwa nimechelewa. Andika na hayo, ili isisemwe kwamba maji tu ndiyo yaliyomuua."

Akaketi. Bwana Shauri aliandika kitu kwenye jalada, akauliza mahali tulipochagua ni wapi, na mwanangwa akamwongoza kwenda kupaona.

Tukapewa. Karani aliniambia baadaye kwamba maneno ya mayu ndiyo yaliyofanya kazi, si barua. Bwana Shauri alisema njiani kwamba mwanamke mwenye ujuzi ambaye hana pa kumpeleka mgonjwa wake ataogopa na kungoja, na kwamba hiyo ndiyo shida yenyewe. Huenda ni kweli alisema hivyo. Huenda karani alitaka kunifariji.

Lakini kijijini mambo hayakwenda hivyo. Mume wa wifi yangu, ambaye kila Jumamosi alimletea mayu kuni, aliacha kuja. Hakusema neno baya, aliacha tu. Kisimani wanawake walisogea mayu alipofika, wakimwachia nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameishi mwaka mzima na jambo lile ndani ya kifua chake, na mimi nililitoa uwanjani. Watu walifyatua matofali kwa furaha na kuimba, na nilipopita walinisifu. Kila waliponisifu nilitamani nirudi kwetu.

Nilimwandikia mume wangu Kaliua nikamweleza yote. Jibu lake lilikuwa fupi: mama ni mama yako pia, zungumza naye mwenyewe.

Wiki tatu zilipita kabla sijazungumza naye, na hata hapo ni yeye aliyeanza. Ilikuwa asubuhi, nimetoka kuchota maji. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Unayo nakala ya ile barua?"

"Ninayo, mayu."

"Nisomee. Yote."

Nikaketi chini, nikamsomea tangu salamu mpaka alama za vidole. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema:

"Umemzeesha. Hakuwa na miaka ishirini na mitano. Alizaliwa mwaka ule nzige walipomaliza mtama wetu. Hesabu mwenyewe."

"Ndiyo, mayu."

"Na umeandika mwanamke mmoja. Alikuwa na jina."

"Niliogopa kukuudhi."

"Uliniudhi."

Nikasema, "Nisamehe, mayu. Niliahidi, nikavunja." Nilikuwa nimepiga magoti, nadhani, maana nakumbuka mchanga kwenye magoti yangu. Hakunijibu nimekusamehe, wala sijakusamehe. Alinitajia jina la mwanawe lote, lile la ubatizo na lile alilopewa na bibi yake, akaniambia niliandike kwenye nakala ile palipoandikwa mwanamke mmoja. Nililiandika mbele yake. Kisha akanitaka niahidi kwamba karatasi hiyo haitasomwa tena na mtu, na hilo nimelishika hadi leo. Ndiyo sababu katika kurasa hizi hamtaliona jina hilo, wala jina la mtu mwingine wa kijiji kile, kwa kuwa ukimtaja mmoja, wote wanajulikana.

Zahanati ilikamilika kabla ya mvua. Ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, bati juu, na chumba cha wazazi upande wa mashariki. Serikali ilimleta mkunga aliyefundishwa, mama wa Kisukuma, mcheshi, ambaye siku ya pili tu alimfuata mayu nyumbani kumwomba amwonyeshe wanawake wenye mimba wa kijiji. Mayu alimkataa. Alirudi tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu alikuja na kitambaa cheupe cha kichwa, kama alichovaa mwenyewe, akakiweka kwenye mkeka, akasema, "Mama, mimi ni mgeni hapa. Hawanijui, hawatakuja. Wewe ukikaa mlangoni watakuja." Mayu alikitazama kitambaa kile muda mrefu. Kesho yake alikwenda, akakaa kwenye benchi la nje. Ndani hakuingia.

Wanawake wakaanza kuja. Mwanzoni walikuja kwa ajili yake, wakamsalimu, wakaingia. Mume wa wifi yangu alioa tena, na uchungu wa mkewe mpya ulipoanza alimleta mwenyewe kwa baiskeli. Alisimama mbele ya benchi, akasema, "Shikamoo mayu." Hapo hawakuwa wamesemezana kwa zaidi ya mwaka. Mayu akaitika marahaba, akamsogezea nafasi, wakakaa pamoja wakingoja. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Mayu aliambiwa, akasema vizuri, akaenda shambani.

Vijiji vingine vilisikia kwamba kuna mwanamke anayejua kuandika maombi yakakubaliwa, wakaja kuniita. Niliwaandikia wengi, hata baada ya Mwingereza kuondoka. Shule, visima, josho. Baadhi walipata, wengi hawakupata. Kila mahali niliwaambia kwamba barua nitaisoma mbele ya wenye habari kabla haijaondoka, na kila aliyetaka habari yake itolewe, niliitoa, hata kama ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kijiji kimoja cha upande wa Kaliua kilinyimwa kisima kwa sababu hiyo, na mwanangwa wao aliniambia waziwazi kwamba nimewakosesha maji.

Mayu aliishi miaka mingi baada ya hayo. Watoto wangu watatu walizaliwa katika chumba kile cha mashariki, yeye akiwa nje kwenye benchi. Kwa wa tatu, mkunga alimfungulia mlango akamwambia, "Ingia umpokee mjukuu, mama," naye akasimama, akafika kizingitini, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja. Nilimwona kutoka kitandani. Alinitazama, akamtazama mtoto mikononi mwa mkunga, midomo yake ikasogea kama anayesema kitu ambacho hakikunifikia. Kisha akageuka, akaenda nyumbani kunipikia uji.